Ugonjwa huu hautibiki kwa siri

Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, Mkenya aliyenusurika kifo cha mkono wake mwenyewe aliweza kuondolewa katika kitanda cha hospitali na kufikishwa kizimbani, na huko akakabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili. Uamuzi huo uliwafurahisha madaktari na watetezi wa haki za binadamu, na furaha yao ilikuwa na msingi.

Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, yaani mwezi wa Juni 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989. Marekebisho hayo yanamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki: haki ya kupata matibabu, haki ya kuombwa idhini kabla ya kutibiwa, haki ya kushiriki katika kuyapanga matibabu yake, na haki ya siri zake kuhifadhiwa. Fauka ya hayo, serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kuwahudumia wagonjwa wa akili karibu na makwao.

Basi sheria imepiga hatua mbili kubwa. Lakini ingia katika afisi ya walimu ya shule ya upili, uulize ni nani kati yao anayemeza dawa za maradhi ya akili. Utajibiwa kwa kimya. Watakaokueleza habari za kisukari chao, shinikizo lao la damu na vidonda vyao vya tumbo hawatakosekana. Huenda hata wakalinganisha dawa huku chai ya saa nne ikinywewa. Anayeugua akili atageuka atazame dirishani. Sheria imepunguza hofu ya polisi. Haijaondoa hofu ya wenzetu.

Nimechagua kuandika juu ya hofu hiyo kwa sababu mimi ni mwalimu, na nimeishi na ugonjwa wa akili kwa miaka kumi na minne. Madaktari huuita baipola. Mimi huuita ugonjwa wa ncha mbili. Siandiki ili nihurumiwe, wala sitafuti sifa za ushujaa. Hoja yangu ni moja. Ugonjwa huu, kuliko mengine mengi, hautibiki kwa siri, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua kwamba umerudi. Ikiwa ni hivyo, basi kusema wazi ni sehemu ya tiba, na kila anayelifanya jambo la kusema kuwa ghali anamnyima mgonjwa dawa.

Ncha mbili

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kila binadamu hufurahi na kuhuzunika. Mwanafunzi aliyecheka asubuhi na kununa jioni si mgonjwa. Siku hizi vijana wa mijini wamelichukua jina la ugonjwa huu wakalifanya mzaha: jua likiwaka na mvua kunyesha siku moja, husema kwamba hali ya anga ina baipola. Mzaha huo hauna nia mbaya, lakini unaupotosha ukweli. Mabadiliko ya ugonjwa huu aghalabu hupimwa kwa siku, majuma na miezi, wala hayategemei kwamba mtu ameudhiwa au amefurahishwa.

Katika ncha ya juu usingizi hupungua bila mtu kuhisi uchovu. Maneno humiminika, fikra hukimbizana, na mgonjwa hujiona hodari kuliko wote waliomtangulia. Hutumia fedha asizokuwa nazo na kuanzisha mipango kumi kabla ya kumaliza mmoja. Hali ikizidi, husikia sauti zisizokuwepo au huamini mambo yasiyo na msingi. Katika ncha ya chini huja sonona, yaani huzuni nzito isiyosikia maliwazo: mtu hawezi kula au hali kwa kiasi, hawezi kulala au haamki, hafurahii hata alichokipenda, na huanza kuona kwamba kifo ni pumziko. Kati ya ncha hizo mbili kuna vipindi, pengine virefu, ambapo mtu ni mzima kama wewe msomaji.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo 2019 watu milioni 40 duniani waliishi na ugonjwa huu. Huwapata wanaume na wanawake kwa kiwango kinachokaribiana. Hupitia katika koo, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa huupata. Na jambo ambalo walimu na wanafunzi wanapaswa kulitia maanani zaidi ni hili: aghalabu huanza ujanani, tangu miaka ya mwisho ya shule ya upili hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa maneno mengine, huanza mikononi mwetu.

Uliponijia mara ya kwanza, hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Ulikuwa muhula wa pili. Kila usiku nililala kwa muda wa saa mbili tu, nikaamka na nguvu za mtu aliyetoka likizoni. Nilisahihisha madaftari ya mikondo mitatu kwa usiku mmoja, nikaanzisha chama cha uigizaji, nikaandika kurasa themanini za mapendekezo juu ya ufundishaji wa Kiswahili katika taifa zima. Mkutanoni nilitajwa kuwa kielelezo cha bidii. Haukupita muda ncha ya pili ikanishika. Chaki ilikuwa nzito mkononi kama jiwe la kusagia. Nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu nikashindwa kuikumbuka ngeli niliyokuwa nimeifundisha kwa miaka saba. Barua niliyoandikiwa iliita hali hiyo uzembe.

Tazama basi mantiki ya mambo. Ugonjwa uliponipandisha, nilipongezwa, uliponishusha, nikaonywa. Siitaji shule hiyo, kwa maana jambo hili si la shule moja. Taasisi zetu zimezoea kuipima kazi bila kumtazama anayeifanya. Mwalimu asiyelala huonekana mchapakazi, na mwanafunzi anayesoma usiku kucha husimamishwa gwarideni ili wenzake wamwige. Ilhali madaktari wanajua fika kwamba kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumsukuma mwenye ugonjwa huu hadi ncha ya juu. Shule inayowaamsha watoto saa kumi alfajiri kudurusu, na kuwalaza saa tano usiku, haijui ni nani kati yao imemkaribisha kwenye ukingo huo.

Jicho la mwenzio

Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi na mganga hajigangi. Aliyenigundua hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa Sayansi Kimu, mama aliyenitangulia kazini kwa miaka kumi na mitano. Aliniita kando akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, maneno yako yanafurika kama maziwa yaliyoachwa motoni. Umelala lini?" Nilimjibu kwamba sijapata kujisikia vyema namna ile maishani. Akasema, "Ndiyo maana nauliza. Kaka yangu naye alijisikia vyema."

Katika jibu hilo fupi mna fundisho kubwa. Mwenye jino bovu husukumwa na maumivu mpaka kwa daktari. Mwenye malaria husukumwa na homa. Ncha ya juu ya ugonjwa huu haina maumivu hayo. Mara nyingi huja na ladha ya afya. Kumwambia mtu aliye huko aende hospitali ni sawa na kumwambia mwanariadha anayeongoza mbio aketi chini apumzike. Ncha ya chini nayo humnong'oneza mgonjwa kwamba hakuna tiba itakayomfaa. Ya kwanza humwambia hahitaji msaada. Ya pili humwambia msaada haupo. Katikati ya waongo hao wawili, mgonjwa anahitaji shahidi wa tatu.

Haya si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1999 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 69. Baadhi yao walifundishwa kuzitambua dalili zao za mwanzo na kutafuta tiba mapema, na wengine wakaendelea na huduma za kawaida. Waliofundishwa walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kurudiwa na ncha ya juu. Kwa ncha ya chini, faida hiyo haikuonekana.

Mnamo 2003 watafiti wa Barcelona, Uhispania, walichapisha utafiti mwingine wa wagonjwa 120, wote wakiwa wanatumia dawa. Wote walikutana katika vikundi. Kundi moja lilizungumza bila utaratibu maalumu. Jingine lilifundishwa katika vikao 21 juu ya ugonjwa wenyewe, dawa, dalili za mapema na ratiba ya maisha. Katika miaka miwili iliyofuata, waliofundishwa walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Kwa hiyo kukutana na kuzungumza ni kuzuri, lakini mazungumzo yanayookoa ni yale yaliyotiwa maarifa ndani yake. Mwalimu anapaswa kulielewa jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi nina mkataba. Ni karatasi moja tu, nakala moja iko kwa mke wangu na nyingine kwa mama yule wa Sayansi Kimu. Imeandikwa kwamba nikilala chini ya saa nne kwa usiku tatu mfululizo, au nikianza kukopa fedha kwa ajili ya mipango ambayo nyumba yangu haiijui, au nikiwakatiza wenzangu katika kila mkutano, watanipeleka kliniki nami sitabishana nao. Karatasi hiyo imetumika mara mbili. Mara zote mbili nilirejea darasani kabla ya muhula kumalizika. Sasa niulize: ningeiandika vipi karatasi hiyo kama hakuna niliyemwambia?

Dawa na damu

Hata dawa yenyewe haipendi siri. Mwaka 1949 daktari wa Australia aitwaye John Cade, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mateka wa Wajapani huko Changi, Singapore, alichapisha taarifa kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wagonjwa waliokuwa katika ncha ya juu. Wanafunzi wa Kemia wanaijua lithiamu: ni metali iliyo nyepesi kuliko zote, na katika jedwali la elementi nambari yake ni ya tatu. Miaka michache baadaye Mogens Schou wa Denmark aliipima kwa utaratibu wa kisayansi, na mwaka 1970 Marekani ikaidhinisha itumike kutibu ncha ya juu. Dawa nyingine zimekuja baadaye, lakini lithiamu ingali miongoni mwa zile zinazotegemewa zaidi, na imeonekana kupunguza vifo vya kujiua.

Lakini lithiamu ina masharti. Kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno, kwa hiyo damu ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara. Figo zake na tezi ya shingoni huchunguzwa pia. Anapaswa kunywa maji ya kutosha na kujihadhari anapotapika au kuharisha. Mikono ya baadhi yetu hutetemeka. Mwanamke anayetumia dawa nyingine iitwayo valproeti anapaswa kuelezwa mapema kwamba yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Sasa mfikirie mwalimu anayeyatimiza masharti hayo kwa siri. Ataombaje ruhusa ya kwenda kupimwa damu kila baada ya muda, bila kutunga uongo mpya kila mara? Atajitetea vipi wanafunzi wakimwona akitetemeka ubaoni? Wanafunzi wangu waliamini kwamba mimi ni mlevi, mpaka siku niliyowaeleza kwamba ni dawa. Kijana mmoja alinijia baada ya kipindi, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo dawa hiyo yaweza kumfaa mamake. Swali hilo lilinionyesha kwamba kimya changu hakikuwa changu peke yangu. Kilikuwa kikimfunga mdomo na yeye.

Kimya kilikotoka

Yafaa tuulize kimya hiki kilianzia wapi. Baadhi yake ni chetu wenyewe. Neno wazimu lina ukoo na mzimu, na hadi leo ziko nyumba zinazomkimbiza mgonjwa kwa mganga, wakati daktari angalimsaidia mapema. Nami sidharau maombi. Huomba kila siku, na humeza dawa kila siku, wala sijaona mambo hayo yakigombana.

Lakini baadhi ya kimya hiki tulikirithi. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa makao ya wendawazimu ya Nairobi. Kazi yake ya awali ilikuwa kuwafungia watu zaidi ya kuwaponya, na jina lake likageuka tusi la watoto barabarani. Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari ilisimamiwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Carothers aliandika kitabu, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, juu ya akili ya Mwafrika na maradhi yake, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na sonona. Mwaka uliofuata serikali hiyo ilitoa kitabu chake kingine, kilichowaeleza Mau Mau kana kwamba madai yao ya ardhi na uhuru yalikuwa kasoro ya nafsi.

Leo utamsikia msomi wa Kiafrika akisema kwa fahari kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, sisi hatuna nafasi ya kuugua upuuzi huo. Hajui kwamba anarudia maneno ya tabibu wa mkoloni. Wagonjwa walikuwepo, waliokosekana ni wa kuwasikiliza.

Baada ya Uhuru tulijenga mengi, lakini si sikio hilo. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa ripoti iliyoeleza jinsi huduma za afya ya akili zilivyotelekezwa nchini. Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030 inakadiria kwamba hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa, wana tatizo fulani la akili. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Takwimu hizo haziwezi kupatana na kimya cha afisi za walimu.

Je, ni salama kusema?

Najua pingamizi litakalotolewa na mzazi: je, ni busara kumkabidhi mtoto wangu mwalimu mwenye ugonjwa wa akili? Swali hilo si la kijinga, na linastahili jibu. Mwalimu anayetumia dawa, anayepimwa, na ambaye wenzake wanazijua dalili zake, ni salama kwa mtoto wako kama mwalimu mwingine yeyote. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni yule anayejificha, kwa sababu siku ugonjwa utakapompanda hakuna atakayejua la kufanya. Ukiwafukuza wanaosema, hutabaki na shule isiyo na wagonjwa. Utabaki na shule ambayo wagonjwa wake hawajulikani.

Pingamizi la pili hutoka kwa wagonjwa wenyewe, nalo ni zito zaidi. Wapo waliosema wakavunjiwa uchumba, wakanyimwa vyeo, wakageuzwa hadithi za kijiji. Kwa hiyo sitamwambia kila mgonjwa apande jukwaani. Kusema wazi si kutangaza sokoni. Kuna ngazi: mwambie daktari kila kitu, mwambie mtu mmoja nyumbani, ukiweza, mwambie mtu mmoja kazini au shuleni. Ngazi hizo tatu zinatosha kuokoa maisha. Kinachozidi hapo ni hiari, na mzigo wake usibebeshwe mnyonge kabla ya wenye nguvu kuubeba.

Wenye nguvu waliosema wamefanya kazi kubwa. Kay Redfield Jamison ni profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 1990, yeye na mwenzake Frederick Goodwin walitoa kitabu kikubwa cha kitaaluma juu ya ugonjwa huu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, alichapisha kitabu cha maisha yake, An Unquiet Mind, akafichua kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, kwamba aliwahi kuikataa lithiamu, na kwamba alikaribia kufa kwa kutaka kujiua. Madaktari waliokuwa wamejifunza kwa vitabu vyake waligundua kwamba mwalimu wao alikuwa akiijua njia hiyo kwa nyayo zake mwenyewe. Hapa Kenya, Sitawa Wafula amezungumza hadharani juu ya kuishi na kifafa pamoja na baipola, katika nchi ambayo kila mojawapo ya magonjwa hayo lilitosha kumfungia mtu chumbani. Kila anayesema hivyo humpunguzia anayemfuata gharama ya kusema.

La kufanya

Kuwasifu wachache hakutoshi. Ujasiri wa mtu mmoja hauwezi kuwa sera ya taifa. Naona mambo manne yanayoweza kufanywa bila kusubiri sheria nyingine.

La kwanza, likizo ya ugonjwa. Mwalimu anayerudi kutoka wadi ya akili apokewe kama anayerudi kutoka wadi ya upasuaji: kwa pole, kwa ratiba nyepesi ya majuma machache, na bila barua ya kumtaka ajieleze. Cheti cha daktari kiishie kwa mwalimu mkuu, kisisomwe na karani, bawabu na mpishi. Haki ya siri imo katika sheria. Iliyobaki ni kufunga kabati.

La pili, mwalimu mshauri apewe muda. Katika shule nyingi kazi ya ushauri nasaha hupewa mwalimu ambaye tayari ana mzigo kamili wa vipindi, naye huwasikiliza wanafunzi wakati wa mapumziko huku kengele ikimkimbiza. Msichana anayetaka kusema kwamba hajalala kwa siku tano hataweza kulisema hilo kwa dakika tatu mlangoni.

La tatu, dawa na vipimo vipatikane karibu. Mgonjwa wa Turkana, Kwale au Mandera hawezi kuabiri basi kwenda Nairobi kila anapohitaji kupimwa damu. Kaunti 47 zina bajeti na zina wajibu. Wajumbe wa mabunge ya kaunti waulizwe swali moja jepesi: katika hospitali yetu ya kaunti, lithiamu ipo mwezi huu, na damu inapimwa? Jibu liwe ndiyo au la.

La nne, usingizi. Walimu wakuu na wazazi wauheshimu usingizi wa mtoto kama wanavyoheshimu chakula chake. Hakuna mtihani wa kitaifa unaostahili kununuliwa kwa akili ya kijana, na hata yule asiye na ugonjwa wowote husoma vyema zaidi akiwa amelala.

Kwenu wanafunzi, nina maneno machache. Ukimwona mwenzako bwenini halali na hachoki, anazungumza bila kituo, amekuwa tajiri wa mipango na mkali kwa yeyote anayempinga, usimcheke wala usimshangilie. Ukimwona amejifunika gubigubi siku ya tatu, haogi, na anagawa vitu vyake kana kwamba anasafiri, usimwache peke yake hata kwa dakika moja. Nenda ukamwambie mwalimu, mlezi wa bweni au muuguzi siku hiyo hiyo. Hutakuwa msaliti. Siri ya namna hiyo si siri ya kuhifadhiwa. Na ikiwa ni wewe mwenyewe, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie sentensi moja tu: "Mwalimu, sijisikii sawa, na ninaogopa." Sentensi hiyo inatosha, iliyobaki ni kazi yetu.

Kwenu walimu wenzangu, sentensi hiyo itakapowafikia, msiijibu kwa mahubiri wala kwa kiboko cha maneno. Vuteni kiti. Ulizeni kama yule mama alivyoniuliza mimi: umelala lini? Kisha mfuatane na mtoto huyo hadi hospitalini, kama ambavyo mngemfuata aliyevunjika mguu uwanjani. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hafichi maradhi kwa kupenda. Huyaficha kwa sababu ametutazama nyuso zetu, akasoma humo jibu tutakalompa.